Ajali Iliyokuwa na Kinga

Ndugu zangu wa Newala na Masasi, asubuhi nyumbani kwa Vitalis, kule Newala, zilikuwa tulivu. Mkewe Bibiana, ambaye wengi mnamwita Mama Helena, alishona sare za shule barazani. Uzi aliutia kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kukodoa macho. Mshono ule ndio uliosomesha watoto wao. Vitalis naye aliosha bodi ya Noah, gari lake dogo la abiria, tayari kushuka Masasi.

Kilichovuruga utulivu huo ni uzembe. Wakati wa kupulizia mikorosho, Vitalis alibeba juu ya gari mifuko ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Unga wa njano ukimwagikia kioo cha mbele, hakushuka kuuosha. Aliwasha waipa, vile vifutio vya kioo, zikwangue kioo kikavu! Unga na vumbi vikazila raba zake, na jua la kiangazi likamalizia.

Nurdin, fundi magari wa Masasi, alimwonyesha kwa kidole. "Kaka, raba hizi zimekauka kama maganda ya korosho. Badilisha zote mbili."

"Nurdin, unataka kuniuzia mvua wakati wa kiangazi?" Vitalis akamcheka.

Siku hiyohiyo alirudi Newala na spika mpya, kubwa kama debe.

"Baba Helena," mkewe akauliza, "hiyo spika ndiyo itakayofuta kioo?"

"Wewe shona nguo. Gari niachie mimi."

Msomaji, usimcheke peke yake. Magari yetu mangapi yana matairi yaliyopakwa weusi na majigambo kwenye kioo cha nyuma, huku kioo cha mbele hakina wa kukijali?

Desemba, Bibiana alipanda kiti cha mbele kupeleka sare Masasi. Walipofika kwenye mteremko, mvua ya kwanza ikashuka kwa kishindo. Vitalis akawasha waipa. Chuma kitupu kikakwaruza kioo, na salfa iliyoganda ikawa utando mzito kama uji. Akasimama, akaomba tumbaku kwa abiria, akaipaka kwenye kioo ili maji yateleze, kama wafanyavyo madereva wengi, kisha akaondoa gari.

"Baba Helena, tusubiri ikatike," Bibiana alisihi.

"Njia hii naijua hata nikifumba macho."

"Si ndiyo umeyafumba sasa!"

Abiria wakaangua kicheko. "Mama, mvua haijawahi kumla mtu," akasema mmoja wa kiti cha nyuma. "Dereva, twende, mnada utatupita!"

Mbele yao lori la korosho lilikuwa limeharibika katikati ya njia. Dereva wake alikuwa ametandaza matawi mabichi barabarani kuwaonya wanaokuja. Mtu yeyote angeyaona. Vitalis hakuyaona, akalivaa lori.

Abiria walitoka na michubuko. Vitalis alivunjika mkono. Bibiana aliingiwa na vigae vya kioo machoni. Jicho la kulia limezima kabisa; la kushoto huona kivuli cha mtu, halioni uzi. Aliyekataa kuona ni mume, aliyepofuka ni mke!

Majirani walipokwenda kumpa pole, pamoja na abiria wale wale, kila mmoja alisema, "Ndiyo hivyo, Mama Helena. Ajali haina kinga."

Bibiana akageuza uso kuzifuata sauti zao. "Hii ilikuwa na kinga," akasema. "Niliiomba mbele yenu, mkanicheka."



FUNZO

Tusimsingizie Mungu uzembe wetu. Raba ya waipa hufa kiangazi, wakati hakuna anayeitazama. Osha kioo kwa maji kabla ya kuwasha waipa. Kagua raba kabla mawingu hayajakusanyika. Ikiwa imekauka au kupasuka, ibadilishe. Mvua ikikuzidi, egesha gari pembeni, hata mnada ukupite. Nawe abiria, mwenzako akisema "simama," paza sauti pamoja naye. Ukimcheka, usije kesho na pole zako.