Mabehewa Mawili, Waya Mmoja

Siku waliyokutana, kituo cha chini ya mlima kilikuwa kimefurika watu mpaka kwenye ngazi. Shule zilikuwa zimefungwa. Kulikuwa na wapanda milima na fimbo zao, wazee waliokuja kuona ngome ya kale kule kileleni, na vijana wa kuruka na miavuli juu ya bahari, kila mmoja akitaka kuingia wa kwanza. Katikati ya msukumano huo alisimama binti mmoja, sare yake ya bluu mpya kabisa, shati limenyooshwa pasi likanyooka. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi. Jamaa mmoja mrefu kama mlingoti akamkanyaga mguu.

"Samahani, dada."

"Samahani yako inaponya kidole? Umenikanyaga na buti!"

"Basi nikanyage na wewe, tuwe sawa."

Akamkanyaga, tena kwa kisigino. Jamaa akaruka kwa mguu mmoja mbele ya foleni nzima, na binti akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki haijaisha, wafanyakazi wote walikuwa wanamwita Cheko. Yule jamaa, mhudumu mwenzake, walikuwa wanamwita Mrefu tangu zamani.

Sasa sikiliza kazi yao ilivyokuwa, maana ndiyo iliyowatesa. Mlima ule unapandwa kwa mabehewa mawili yanayoning'inia kwenye waya mmoja. Moja likipanda, lingine linashuka. Kila behewa lina mhudumu wake: Mrefu huku, Cheko kule. Kwa siku walipishana mara ishirini katikati ya mlima, kioo kwa kioo, sekunde sita. Mrefu akifika juu, Cheko yuko chini. Chakula cha mchana walikula kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula vipi na wewe uko juu?"

"Njoo basi."

"Nikija juu wewe unashuka! Jamani, sisi nani alituroga?"

"Aliyefunga huo waya," Mrefu akajibu, na Cheko akacheka mpaka akapaliwa.

Siku za mapumziko ndipo walipokuwa watu kama watu wengine. Walishika njia ya miguu mpaka kwenye pango lenye michoro ya kale, Cheko na gauni lake la njano na raba, Mrefu amebeba kila kitu. Halafu waliteremka kuogelea kwenye ghuba ndogo nyuma ya mlima, wasikoonekana na mtu wa kazini. Walikuwa na sababu ya kujificha. Sheria ya kampuni ilisema wapenzi au ndugu hawahudumu kwenye waya mmoja, maana siku ya hatari mtu atamtazama wake badala ya abiria. Wakijulikana, mmoja anaondoka. Na Cheko alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, asiye na mwingine wa kumnunulia dawa.

Baada ya miezi saba Mrefu akasema mwisho wa mwezi mjomba wake atakwenda kwa mama yake Cheko kuposa. Cheko hakulala kwa furaha.

Jumatatu, meneja akamwita Mrefu ofisini. Mlango ulikuwa wazi, na aliyekaa karibu na mlango ni muuza tiketi, mama mmoja ambaye neno mdomoni mwake halilali. Chai ya Cheko haijapoa, taarifa ilishafika.

"Mwanangu, ameulizwa kuhusu wewe. Amesema, 'Yule? Hakuna kitu, bosi. Ni mfanyakazi mwenzangu tu.' Kwa masikio yangu haya."

Cheko hakuuliza mara ya pili. Siku tatu hakupokea simu. Walipopishana, Mrefu aliweka kiganja chake kwenye kioo, na yeye akampa kisogo. Ya nne akapokea, maana hasira nayo hutaka mtu wa kuisikia.

"Ulisema hakuna kitu?"

"Nilisema. Lakini nisikilize..."

"Miezi saba ndiyo hakuna kitu?"

"Ningekubali, mmoja wetu angefukuzwa palepale. Mama yako je?"

"Usimtumie mama yangu kufunika uoga wako!"

Akakata. Saa moja baadaye, upepo ukaja.

Ulitoka baharini bila hodi. Mtambo ukazimwa ghafla, na mabehewa yakasimama katikati kabisa, yanatazamana. Kati ya Cheko na Mrefu palikuwa na hatua kama kumi na tano za hewa tupu, na chini yao mawe. Behewa la Cheko lilikuwa na watu ishirini na wawili. Likayumba, watoto wakalia, na mzee mmoja mwalimu mstaafu akashika kifua na kuanza kuhema.

Pale katikati mwamba unazuia simu. Ipo redio ya dharura tu, na ina njia moja: akizungumza mmoja wanasikia wote, chumba cha mtambo, ofisi na mabehewa yote mawili.

"Mtambo, nina mgonjwa," Cheko akasema. "Mzee hapumui vizuri. Nishusheni."

"Hatuwezi. Subirini upepo."

"Nimesema hapumui!"

"Dada, hatuwezi."

Mrefu aliona yote kupitia kioo. Hakuweza kumpa Cheko hata maji ya kunywa. Akashika redio.

"Cheko, nitazame."

"Nitafutieni mtu mwingine wa kuongea na mimi. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu tu."

Redio ikakoroma. Mrefu akafumba macho kidogo.

"Nilidanganya," akasema. "Wote mnaosikia, na meneja ukiwemo. Nampenda huyu, miezi saba sasa, na ninataka kumuoa. Haya, mpenzi wangu, nitazame mimi, usitazame chini. Mkalishe mzee sakafuni, aegemee ukuta. Mfungue shati. Mshike mkono, mhesabie pumzi taratibu. Eeh, hivyohivyo."

"Redio ni ya dharura!" sauti ya meneja ikapenya.

Hakuna aliyemjibu. Kwa dakika tisini Cheko alihesabu pumzi za mzee wa watu, macho yake kwenye kioo cha pili. Mrefu alisimama pale hana la kufanya ila kuonekana.

Upepo ulipotulia, waya ukavuta. Cheko akashuka, Mrefu akapanda.

Chini wahudumu wa afya waliwapokea, wakamchukua mzee, sasa anapumua vizuri. Nyuma yao alisimama meneja, redio mkononi.

"Nimesikia ya mwenzako. Wewe unasemaje? Ni kweli?"

Njia nzima Cheko alikuwa na jibu, kubwa na zuri. Lakini alipomtazama meneja alimwona mama yake amekaa kitandani, anasubiri mlango ufunguliwe. Mdomo ukajiendea.

"Hapana, bosi. Alitaka nitulie tu."

"Nilidhani hivyo. Basi kazi yake imeisha leo. Ile redio si ya kutongozea. Jiandae, waliokwama juu wanataka kushuka."

Simu ikaita. Alikuwa Mrefu, kutoka kileleni.

"Mzee vipi?"

"Anapumua. Mrefu, nimekukana. Ameniuliza nikasema hapana. Na amekufukuza."



"Uliposema hapana, ulimfikiria nani?"

"Mama."

"Hata mimi nilimfikiria yeye. Wewe ukaniambia ni uoga."

"Ulikuwa uoga, na wangu ni uoga. Ila wewe ulishanikiri mbele ya watu, mimi nikakukana baada ya hapo. Langu ni baya zaidi. Nitukane basi, nitulie."

"Nikutukane nini, mama wee? Nimechoka." Akavuta pumzi. "Sikia. Sasa hivi mimi si mtu wa kampuni, sheria yao hainihusu. Mtu asiye na kazi anakuuliza: utakubali akuoe?"

"Meneja yuko hapa. Hatua mbili."

"Basi nijibu jioni."

Cheko alitazama viatu vya meneja. Nafsi ilimwambia jioni ni karibu, kuna ubaya gani? Lakini alijua akingoja mpaka jioni atakuwa amemkana tena.

"Nimekubali," akasema kwa sauti. "Mwambie mjomba aje."

Meneja akageuka. "Mjomba gani?"

"Wa mchumba wangu, bosi. Nilikudanganya. Yote aliyosema ni kweli."

Meneja alimtazama. Akatazama foleni iliyofika ngazini, halafu behewa ambalo halikuwa na mhudumu mwingine.

"Njoo ofisini jioni," akasema. "Uje kurudisha sare yako. Sasa funga mlango, watu wanasubiri."

Akafunga. Behewa likanyanyuka, na kule juu lingine likaanza kushuka, ndani yake Mrefu anayekuja kukabidhi vitu vya kampuni. Machozi yakamshuka Cheko mbele ya abiria wote, wala hakuyafuta. Mama mmoja mgeni, kofia ya jua kichwani, akamshika bega.

"Usiogope, binti yangu. Upepo umeshatulia."

"Ahsante, mama," Cheko akasema, akaendelea kulia.