Abaki Mmoja

Saa tatu asubuhi, kwenye kituo cha mwisho cha reli kabla ya mpaka, askari alifungua zipu ya begi la bluu, akaingiza mkono, akautoa haraka kama aliyegusa jiko la moto.

"Kapteni!"

Mabegi yote ya msafara yalikuwa ya bluu, zawadi ya kampuni ya utalii, yamepangwa juu ya meza ndefu ya ukaguzi na kufanana kama mayai. Askari alikuwa amelipita la kwanza, akalipita la pili, akaenda moja kwa moja kwenye lile la katikati. Afande aliliona hilo kabla hajatambua begi ni la nani.

Lilikuwa la mama yake.

Jina la Afande alipewa na wasafiri wenzake siku ya kwanza, walipojua kwamba kwao ni mpelelezi wa polisi. Huku alikuwa binti tu aliyemsindikiza mama yake. Mama, muuguzi mstaafu, ndiye aliyeing'ang'ania safari hii. Nchi iliyofungwa, isiyoingiwa na wageni ila kwa msafara mmoja mmoja! "Nataka niende mahali ambapo hakuna jirani yangu aliyefika," alisema, "nikirudi niwafunge midomo." Sasa amesimama kwenye sakafu ya saruji, mkoba umebanwa kwapani, anamtazama Kapteni wa kituo akikifunua kwa mikono miwili kifurushi kilichotolewa begini mwake.

Ilikuwa skafu ya rangi ya chungwa, nayo ilifungia picha. Picha ya karatasi ya Kiongozi wa nchi, kubwa kama sinia, iliyokuwa ukutani kwenye ngazi za hoteli waliyolala. Ilikuwa juu kabisa ya nguo, uso ukitazama juu, haina kunyanzi hata moja.

Msafara mzima ulikauka. Kila mmoja alikumbuka onyo walilopewa na Msimamizi wa safari tangu siku walipopanda basi: picha hiyo haikunjwi, hailazwi kifudifudi, haiwekwi chini. "Hata ikiwa ni kipande cha gazeti," alisema. "Ukifungia viatu, umefungwa wewe." Siku ile walicheka.

Walipelekwa kwenye chumba cha Kapteni. Kulikuwa na meza ya chuma, simu nyeusi, na jiko la mkaa lililowashwa mpaka ukuta unatoa jasho. Wasafiri walivua makoti, wakabaki na skafu walizopewa na kampuni shingoni. Kijana mmoja, waliyemwita Kamera kwa sababu ya kupiga picha ovyo, yake aliifunga kichwani kama bandeji. Mwenyeji, yule mtu wa serikali aliyepewa kazi ya kuwaongoza na kuwachunga, alisimama mlangoni, beji ya Kiongozi kifuani. Msimamizi alisimama karibu na jiko, koti limefungwa mpaka kidevuni, akijifuta jasho la paji la uso.

Kapteni alizungumza lugha yao kwa usafi wa mtu aliyejifunza kwenye redio.

"Bibi, picha hii uliichukua lini?"

"Mwanangu, ngazi za ile hoteli nilipanda kwa kushikwa mkono. Picha iko juu kule, nitaifikiaje? Unaona nina mbawa?"

"Usiniite mwanangu."

"Haya, baba."

Mtu mmoja aliguna kicheko, akakimeza. Kapteni hakubadilika uso. "Adhabu yake ni kambi ya kazi. Umri hauangaliwi. Treni inaondoka saa nne. Wengine watapanda."

Mama yake na vidonge vyake vya presha, mama yake wa kulala na soksi, kambini!

Msimamizi alisogea, sauti imejaa asali. "Bi mkubwa, kiri tu. Sema ulipitiwa, omba radhi, tia sahihi. Hawa si watu wabaya. Watakuonea huruma."

Afande aliyafahamu maneno hayo. Aliwahi kuyasema mwenyewe, mara nyingi, kwa watu aliotaka kuwafunga.

"Mama hatii sahihi popote," alisema. "Kapteni, naomba niulize maswali."

"Huku si kwenu."

"Najua. Lakini ripoti utaandika wewe, na jina la chini litakuwa lako. Umekamata mtu kwa picha ya Kiongozi. Siku wakija wakubwa zako wakigundua kwamba aliyeitoa ukutani ni mwingine, na wewe ulimwachia akapanda treni, watamtafuta nani?"

Kapteni aliitazama simu. Kisha akamwambia askari atoke nje, afunge mlango.

"Uliza. Mpaka filimbi ya treni."

"Askari wako aliyapita mabegi mengine. Alijuaje?"

Mkaa ulilia kwenye jiko. "Tulipigiwa simu," Kapteni alisema hatimaye. "Begi lenye uzi mweupe kwenye mpini."

"Mama, ule uzi ni wako?"

"Uzi wa nini? Begi langu nalijua kwa gurudumu lake bovu, linalia kama mtoto mwenye njaa. Jana jioni nilipoliweka nje ya mlango halikuwa na uzi."

"Kwa hiyo lilifungwa uzi baada ya kutoka kwetu. Mabegi yalilala wapi?"

"Stoo ya hoteli," Mwenyeji alijibu. "Funguo ni mbili. Yangu, na ya Msimamizi."

Msimamizi aliruka. "Wapagazi nao waliingia! Na huyu kijana aliwasaidia kubeba!" Akamnyooshea Kamera kidole. "Mlimsikia mezani jana. Si alisema ile picha ingependeza sebuleni kwao?"

Kamera alipauka. "Nilitania! Jamani, Afande, nilikuwa natania tu."

"Huku hakutaniwi," Kapteni alisema, akauchukua mkono wa simu. Kwa dakika nzima ilionekana mambo yamekwisha. Kijana alimtazama Afande kama mtu anayezama anavyoutazama ufuko, na Afande akaona jinsi ingekuwa rahisi. Anyamaze tu. Mama angekuwa huru.

"Jana usiku ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Chumbani! Sikutoka. Nilikosa hata usingizi, kuna mtu alikuwa anakohoa nje ya mlango mpaka alfajiri."

"Ni mimi," Mwenyeji alisema taratibu. "Baada ya lile neno lake mezani niliweka kiti mlangoni pake. Baridi ilinipiga kifua."

"Kumbe ulikuwa unanilinda?"

"Nilikuwa nakuchunga." Alimgeukia Kapteni. "Picha ilikuwa ukutani wakati wa chakula, na asubuhi haikuwepo. Huyu hakutoka."

Kwa jibu hilo moja, wote wawili walikuwa wameondoka kwenye shaka. Kapteni alirudisha mkono wa simu mahali pake.

Afande aliisogelea meza. Hakuigusa picha. "Tazameni ilivyowekwa. Mtalii anayeiba kumbukumbu angeikunja mara nne, aisokomeze chini ya viatu. Huyu hakuikunja. Hakuilaza kifudifudi. Alitafuta kitambaa safi, akaifunga kama unavyomfunga mtoto mchanga, akaiweka juu. Anaiba, lakini anatetemeka. Ni mtu aliyeishi na kanuni za huku mpaka zimemwingia kwenye mifupa."

"Basi ni Mwenyeji!" Msimamizi alisema. "Nani mwingine?"

"Mwenyeji alikuwa kitini. Na kitambaa si chake. Hii ni skafu ya kampuni. Yeye hakupewa, tulipewa sisi. Mama, yako?"

Mama aliivuta shingoni. "Hii hapa. Sijaivua, koo linaniuma."

"Kamera?"

Kijana akagusa kichwa chake. Mmoja baada ya mwingine, wasafiri waligusa shingo zao bila kuulizwa. Kisha macho yote yakaenda karibu na jiko.

"Msimamizi," Afande alisema, "chumba hiki kinaweza kuoka mkate. Mbona hujavua koti?"

"Nina homa."

"Nimewauguza wenye homa maisha yangu yote," Mama alisema. "Fungua koti, mwanangu, nikupime."

Vidole vya Msimamizi vilipanda kwenye kifungo cha juu, vikashuka, vikapanda tena. Koti lilipofunguka, shingo ilikuwa tupu.

"Nilitaka kuitupia humo na kufunga zipu," alisema, sauti yake haina tena asali. "Nikafungua, nikakuta nguo za ndani. Uso wake juu ya nguo za ndani! Mkono ulikataa. Nimekuja huku mara nyingi mno. Nikavua kilichokuwa karibu."

"Nguo zangu ni safi," Mama alisema. "Nimezifua mwenyewe."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini?" Afande aliuliza.

"Mke wangu ni mtu wa hapa. Tangu tuoane tunaonana nikileta wageni tu, siku mbili, siku tatu, mlango wazi na mtu wa serikali sebuleni. Hawampi kibali cha kutoka. Mwaka huu kuna mtu wao amekamatwa kwetu. Wanataka wa kubadilishana naye. Wakaniambia, tupe mmoja, tutamwachia mkeo."

"Na katika wote ukamchagua bibi mgonjwa."

"Nilimchagua kwa sababu yako." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kamera angefungwa na kusahauliwa. Lakini wewe ungepiga kelele, ungewalaza watu milangoni kwa mawaziri. Mama yako angerudi nyumbani haraka kuliko yeyote. Nililipima hilo, Afande. Naapa nililipima."

"Hayo ya kibali na kubadilishana," Kapteni alisema, "sikuyasikia." Aliifunga picha upya ndani ya skafu, polepole, bila kunyanzi. "Niliambiwa abaki mmoja. Sikuambiwa nani."

Nje, filimbi ililia.

Wakapanda treni. Kamera alimbebea Mama begi, gurudumu bovu likilia njia nzima ya jukwaa. Kwenye behewa lao, kiti cha Msimamizi karibu na dirisha kilikuwa na mtu. Mwanamke kijana, sanduku dogo jipya mapajani, karatasi yenye muhuri mbichi imeshikwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema kwa lugha yao, kwa lafudhi ya mtu aliyefundishwa na mtu mmoja tu. "Samahani. Ninyi ni msafara wa mume wangu? Aliniambia nikae hapa, atakuja."

Mama alitua kwenye kiti cha mbele yake. Alimtazama, kisha akaitazama karatasi.

Treni ilishtuka, ikaanza kusogea. Kule jukwaani, kati ya askari wawili, mtu mwenye koti lililo wazi alikuwa akiyatafuta madirisha kwa macho, moja baada ya jingine. Mwanamke alikuwa bado hajageuka. Akigeuka, ataruka, na Kapteni atakuwa na wawili.

Afande alinyoosha mkono akashusha pazia.

"Mbona giza?" mwanamke aliuliza. "Mume wangu yuko behewa gani?"

Mama alivua skafu yake, akamzungushia shingoni, akamshika mikono yote miwili na kuikaza, jinsi alivyokuwa akiwashika ndugu wa wagonjwa kwenye korido za hospitali.

"Tukishavuka, mwanangu," alisema. "Tukishavuka, nitakujibu."