Mtungi Uliofukizwa Moshi

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Wema alikuwa na kazi ya kujaza mtungi wa maji ya kunywa. Mama yake aliuza ugali na maharage kwenye banda lililotazamana na lango la chuo cha kilimo, katika kijiji kimoja mbele ya mji mdogo wa Didia. Wateja wake wengi walikuwa wanachuo. Agizo la mama lilikuwa fupi: chota kisimani, chemsha, poza, jaza.

Kisima hicho kilichimbwa na wanachuo wenyewe. Mabomba ya chuo yalipokauka, wanafunzi walikosa vipindi kwa kutafuta maji, na wanakijiji walikunywa lambo moja na ng'ombe. Ndipo Paskalia, msichana wa mwaka wa pili, alipowakusanya wenzake wajitolee. Kila Jumamosi walichimba. Walijenga ukingo wa matofali, wakaweka mfuniko, wakamruhusu kila mtu achote. Jioni Paskalia aliketi bandani, viganja vimejaa malengelenge, akimfundisha Wema hesabu za sehemu.

"Ukifaulu mtihani utanikuta hapahapa," alimwambia.

"Nikifeli je, dada?"

"Utanikuta na fimbo."

Kiangazi kilizidi. Foleni ya kisimani ikarefuka, na Wema akachoka. Lambo lilikuwa nyuma tu ya nyumba yao. Asubuhi moja alichota huko, akayachuja maji kwa kipande cha khanga. Kuchemsha nako akaona uvivu. Akakumbuka jinsi bibi yake alivyofukiza vibuyu vya maziwa. Alichukua kijinga cha mgunga kilichokuwa kikifuka moshi, akakiingiza mdomoni mwa mtungi, akafunika, kisha akamimina maji. Maji yaliyochemshwa kwa kuni hunuka moshi. Haya nayo yakanuka moshi. Mama akaonja, akaridhika. Siku zilizofuata Wema akarudia.

Halafu wanachuo wakaanza kuugua. Wa kwanza walikuwa wale wa kujitolea, waliokula bandani baada ya kazi. Mmoja wao, kijana Januari, alianguka darasani. Paskalia alikimbizwa kituo cha afya kwa bajaji, kutapika na kuhara kumemmaliza. Wema alipokwenda kumwona, nesi alikuwa akihangaika kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Macho ya Paskalia yalikuwa yamezama, midomo imepasuka. Wema akamwita. Paskalia hakumtambua.

Kijijini watu walitafuta wa kumlaumu, wakakilaumu kisima. Walisema kimechimbwa jirani na makaburi ya zamani, na wenye makaburi wamekasirika. Wengine walidai wanachuo wamemwaga dawa za shamba. Mzee Donatus, mwenyekiti wa kijiji, akaamua kifukiwe jioni ileile. Edward, mwanachuo aliyebaki mzima, aliwasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa wote wangerudi kunywa lambo.

"Kijana, wenzako wanakufa kwa maji haya," Mzee Donatus alimjibu. "Sogea pembeni."

Wema alisimama nyuma ya umati. Akisema, banda la mama litakufa, na wote wawili hawana kingine cha kuwalisha. Asiposema, kijiji kizima kitakunywa kile alichokunywa Paskalia. Jembe la kwanza la udongo likaanguka kisimani. Wema alisikia udongo ukigonga maji.

Akakimbia nyumbani. Alirudi na mtungi mtupu, kijinga kinachofuka na kopo la maji. Mbele ya watu wote akaufukiza mtungi, akamimina maji, akachota kikombe na kumpa mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Nusa, babu. Usinywe."

Mzee Donatus akanusa. "Haya yamechemshwa, ng'wanawane, mwanangu. Kuna nini?"

"Hayajachemshwa. Ni ya lambo, nimeyachota sasa hivi. Ndiyo niliyompa dada Paskalia na wenzake."

Mtu mmoja akasema mtoto amefundishwa na wanachuo. Mama Wema akajipenyeza mbele, uso umekakamaa.

"Hakufundishwa na mtu," alisema. "Kuni zangu zilikuwa hazipungui. Niliona, sikuuliza. Sasa nawauliza ninyi. Anayekunywa kisima hiki na hajagusa maji ya banda langu, ameugua nani? Mtajeni."

Hakuna aliyetajwa. Majembe yakashushwa. Mama hakungoja zaidi. Aliumwaga mtungi, akafunga banda, akamshika Wema mkono, wakaenda kituo cha afya kumweleza daktari kila kitu.

Banda lilibaki limefungwa mpaka bwana afya aliporuhusu, na wakati huo Wema na mama yake walikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni. Kisima kilitolewa udongo, kikasafishwa. Wanachuo waliopona walizungushia lambo miiba, wakaacha mlango wa ng'ombe tu.

Siku moja Paskalia alikuja bandani, amekonda, akitembea kwa kujikongoja. Wema aliinamisha kichwa, akaomba msamaha, machozi yakimdondoka.

Paskalia aliketi taratibu. Akaiweka mezani fimbo aliyokuwa akiegemea. "Nilikuahidi fimbo. Lete daftari la hesabu."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Moshi ulidanganya pua yangu, lakini tumbo la mtu halidanganyiki," alisema. "Ukichoka, niambie umechoka, tutasaidiana. Ila usimpe mwenzako kikombe ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukinywa. Hesabu utafanya ukirudi. Chukua ndoo uwahi foleni."