Daktari Mwenye Kifungo cha Kahawia

Asubuhi kabla ya shule, Jonalyn alikuwa na kazi moja tu: kunyunyizia maji nguo za watu na kuzikunja mafungu mafungu, bibi yake azikute zimelainika. Bibi Sidra alikuwa mpiga pasi. Nusu ya mashati meupe yanayoingia shuleni hapa mjini Tanjay yalipita mezani kwake. Akimwona mtoto barabarani alikuwa na uwezo wa kusema, "Lile shati langu lile. Tazama alivyolikunja mikono, mtoto hana adabu."

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria zake, na sheria kubwa kuliko zote ilihusu maji. Mkono uliotoka kushika pasi haugusi maji mpaka kesho yake. Ukigusa, unapata pasma: mishipa inashtuka, viganja vinatoka jasho, na uzeeni mikono inatetemeka kama jani. Kila mtu hapa kwetu anaijua pasma. Mpiga pasi anaiogopa zaidi, maana mikono yake ndiyo duka lake. Kwa hiyo Bibi Sidra akimaliza kazi alikuwa anakula kwa kijiko, na vyombo anaosha Jona.

Wiki hiyo, katika somo la stadi za maisha, Mwalimu Villarin aliwasha projekta akawaonyesha darasa la nane video ya kuhudumia mtu aliyeungua. Mwalimu huyu alikuwa na tabia ya kutafuta masomo mtandaoni usiku akiwa kwake, akayapakua, akaja nayo kwenye kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kwa sababu mtandao wa shule ulikuwa unakuja na kuondoka kama paka wa jirani. Tayari walikuwa wamejifunza kushona vifungo, kufungua bomba la sinki lililoziba na kupanga chakula cha wiki.

Katika video, daktari wa wodi ya majeraha ya moto alisema mtu akiungua, mvue pete na bangili mapema kabla hajavimba, kisha mmwagilie maji ya kawaida yasiyo ya barafu kwa dakika ishirini. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, nenda zahanati.

Darasa zima likaguna.

"Mwalimu, hiyo si pasma hiyo?" aliuliza mmoja.

"Huyo daktari hana bibi," akasema Dranreb, na watu wakacheka. Baba yake Dranreb aliitwa Bernard, akamwita mwanawe Bernard kwa kusoma kinyumenyume, na mtoto naye akakua hivyohivyo, kila kitu anakigeuza.

Mwalimu Villarin hakukasirika. "Vizuri mnavyoshuku. Mimi sitaki mtu aniambie 'nimeona kwenye simu.' Mtu akikwambia jambo mtandaoni, muulize: jina lako nani? Unafanya kazi gani, wapi? Na nani mwingine, asiyekujua wewe, anasema hivyohivyo? Hospitali aliyotoka huyu nimeitafuta, ipo. Na nesi wetu wa zahanati nimemuuliza, amesema yaleyale. Sasa nendeni nyumbani mkawafundishe wakubwa wenu. Jumatatu mniambie wamesema nini."

Jona alijua bibi yake atasema nini. Hata hivyo jioni alimwekea simu yenye video ile mbele ya sahani.

Bibi Sidra alitazama huku amekunja uso, kama anayeuziwa samaki wa jana. "Huyu anapiga pasi?"

"Ni daktari wa watu walioungua, Bibi."

"Nimekuuliza, anapiga pasi?"

"Hapana."

"Basi mzime. Mimi nina miaka mingi kwenye pasi kuliko meno aliyonayo mdomoni. Nikiungua, dawa ya meno ipo pale. Na wewe usiamini kila mtu anayezungumza ndani ya kioo."

Jona akaichukua simu. Kusema kweli, hata yeye hakuwa na uhakika. Daktari ni wa mbali, bibi ni wa hapahapa, na mikono ya bibi haikuwa inatetemeka.

Kesho yake mambo yakachanganyika zaidi. Jirani mmoja aliingia na simu mkononi, anacheka. "Sidra, njoo usikie. Leo amepatikana daktari anayetujua."

Kwenye kioo alikuwepo mtu mwenye koti jeupe, barakoa na miwani mikubwa. Alijiita Dokta Ben. Kwa sauti nzito alisema wanaokuja na habari za maji ni watu wa mjini wasioijua pasma, na kwamba moto unaondolewa kwa dawa ya meno, na ukiwa mkali unaongeza siki.

"Haya," Bibi Sidra akasema, akamtazama mjukuu wake kwa pembe ya jicho. "Kumbe na ndani ya kioo wapo wenye akili."

Jona akaiomba ile simu, akaitazama tena. Kitu kilimkera lakini hakukijua. Sauti ilikuwa nzito, ila ilikuwa inapanda ghafla kama ya mvulana anayebalehe. Kile kipimo cha mapigo ya moyo shingoni kilifanana sana na waya wa spika za masikioni. Dokta Ben gani? Wa hospitali gani? Halafu akakiona. Koti lilikuwa na vifungo vinne vyeupe na kimoja cha kahawia, cha tatu kutoka juu.

Kifungo hicho alikishona yeye mwenyewe. Koti ni la dada yake Dranreb, anayesomea ukunga. Lilikuja kupigwa pasi likiwa limepungukiwa kifungo, na nyumbani cheupe hakikuwepo.

Hapo alipaswa kusema. Hakusema. Aliona jirani anavyocheka, akaona bibi alivyofurahi, akajiambia labda yapo makoti mengine ya namna hiyo. Na akimtaja Dranreb, shuleni watamwita mmbea mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo akairudisha simu, akaenda kuosha vyombo na shaka yake.

Shuleni Ijumaa, Dranreb alikuwa anatembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Jona akamsogelea.

"Umemwona Dokta Ben?" akamuuliza, akimwangalia usoni.

"Nani asiyemwona? Mpaka wauza samaki sokoni wanayo."

"Anafanya kazi wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mpigie." Dranreb akaondoka anapiga mluzi, na Jona akabaki anashuku peke yake.

Jumamosi umeme ukakatika mchana. Kulikuwa na harusi kesho yake na mashati ya wasimamizi yalikuwa bado. Bibi Sidra hakuhangaika, akateremsha pasi yake ya zamani ya mkaa, akawasha, akaisugua juu ya jani la mgomba ipate kuteleza. Jona alikuwa anakunja suruali.

Akasikia chuma kimegonga meza na bibi yake amevuta pumzi kwa meno. Kulabu ya kifuniko cha pasi ilikuwa imeachia. Makaa mawili ya moto yalimwangukia mgongo wa mkono wa kulia, moja likakwama karibu na pete, akalipangusa kwa mkono mwingine.

"Dawa ya meno," alisema. "Haraka, Jona."

Jona akasimama. Dawa ya meno ilikuwa karibu kuliko maji. Mkono wa bibi ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na katikati paling'aa vibaya. Mkono wa kulia. Ule unaoshika pasi.

Akachukua ndoo na kopo.

"Nini hicho?"

"Maji, Bibi. Nipe mkono."

"Una wazimu? Mkono umetoka kwenye pasi sasa hivi. Unataka nitetemeke niombe chakula sokoni? Dokta mwenyewe amesema."

"Yule si dokta. Ni Dranreb."

"Usinidanganye nikiwa na maumivu."

"Nimeona kifungo cha kahawia, Bibi, nilichokishona mimi. Nilikiona tangu juzi."

"Tangu juzi," Bibi akarudia taratibu, "na ukakaa kimya."

Jona akaiweka ndoo chini. Alitoka mlangoni akaita kwa nguvu zote kuelekea nyumba ya pili, kwa kina Dranreb. Dranreb alikuja na ndizi mdomoni, tayari anatabasamu. Bibi Sidra hakumpa nafasi hata ya kuamkia.

"Wewe mtoto. Wewe ndiye Dokta Ben?"

"Mimi, Bibi? Nani kakwambia..." Kisha akauona mkono. Ndizi ikabaki shavuni. "Ndiyo, mimi," akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Nilikuwa natania tu, Bibi. Maneno yote niliyatunga. Hiyo siki niliiona tu jikoni."

"Ulitunga," Bibi akasema. "Na ya pasma je? Nayo umetunga?"

Dranreb akamtazama Jona. Pasma haikuwa ya kwake, ilikuwa ya bibi wote.

Jona akapiga magoti. "Bibi, sijui habari za pasma. Siwezi kukudanganya kwamba najua. Lakini daktari wa mwalimu ana jina na hospitali, na nesi wetu hapa anasema hivyohivyo, na hawajuani. Maji haya si ya baridi kali, yamekaa kwenye mtungi. Na mkono wako ukija kutetemeka, nitapiga pasi mimi. Nguo zote, mpaka nizeeke."

"Wewe? Wewe unaunguza hata leso."

"Nitajifunza."

Bibi Sidra alitazama ndoo kama anavyotazama mteja asiyemjua. Halafu akaunyoosha mkono.

"Pete kwanza," Jona akasema.

"Sasa na pete yangu mnaitaka?"

"Mkono utavimba, Bibi."

Pete ikatoka kwa taabu na kwa matusi ya kutosha. Jona akamimina maji kopo baada ya kopo, na Dranreb akawa anakimbia kwenye pampu kila ndoo ilipopungua. Dakika ishirini ni nyingi mtu akiwa anakusema muda wote. Bibi aliwasema wao, mama zao, mwalimu wao na aliyevumbua simu. Kuelekea mwisho, akapunguza.

"Moto umetulia," akanung'unika, kana kwamba ni kosa la mtu.

Wakafunika jeraha kwa kitambaa safi kutoka kwenye fungu lililopigwa pasi, bila kukaza, wakaenda zahanati.

Nesi Gemma aliufungua mkono, akauangalia chini ya dirisha. Palikuwa na lengelenge moja pembeni ya kidole na ngozi nyekundu kuzunguka. "Nani amemwagilia maji?"

Jona akafikiri anakaripiwa. "Mimi."

"Umefanya vizuri. Wiki hii nimewapokea wawili waliopakwa dawa ya meno na siki. Nimekaa kuwakwangua, wamelia watu wazima. Huu utapona, Bibi. Upumzishe mpaka ngozi ikomae, utarudi kwenye pasi yako."

Dranreb alikuwa anatazama sakafu. Aliposikia habari ya wale wawili, alitoka nje, na waliporudi nyumbani ile video ilikuwa imeshafutwa. Lakini alijua, na Jona alijua, kwamba kwenye simu za watu ilikuwa bado inazunguka.

"Na pasma?" Bibi Sidra alikuwa amemuuliza nesi kule zahanati kabla ya kuondoka. Alimkazia macho.

"Mimi nimezaliwa hapahapa, Bibi, na mama yangu anaiogopa kama wewe. Mikono inayotetemeka nimeiona, ya watu waliochoka na waliofanya kazi ngumu miaka mingi. Iliyotetemeka kwa sababu ya maji sijaiona bado. Ila iliyoharibika kwa kukosa maji baada ya kuungua, nimeiona sana."

Bibi alilitafuna hilo njia nzima.

Jumatatu jioni Mwalimu Villarin alikuja kumjulia hali. Alimkuta Bibi Sidra amekaa na bendeji yake, anatoa amri. Mezani alikuwepo Dranreb anapiga pasi kola ya shati, jasho linamtoka, na Jona anakunja.

"Kola inaanzia nje kwenda ndani," Bibi alisema. "Wewe unapiga pasi kama unaua mende."

"Hii ndiyo adhabu yako, Dranreb?" mwalimu akauliza.

"Adhabu nimejipa mwenyewe, Mwalimu. Bibi ameongeza tu."

"Na wale ambao bado wanaye Dokta Ben kwenye simu?"

Dranreb akaiweka pasi pembeni. Alikuwa amefikiria kutengeneza video nyingine, akasema, bila barakoa, ajitaje jina. Lakini nani atamsikiliza mtoto aliyekwisha kudanganya?

"Hawatakusikiliza wewe," akasema Bibi Sidra. "Mimi watanisikiliza. Shika hiyo simu, Jona."

Akarekebisha nywele kwa mkono mzima. Kisha akauinua ule wenye bendeji mbele ya kioo na kusema jina lake lote, mtaa wake na kazi yake. Akaeleza kaa la moto, maji ya mtungini na aliyoyasema Nesi Gemma. Halafu akamvuta Dranreb kwa shati akamweka kando yake, naye akasema Dokta Ben ni yeye, na kwamba aliyatunga yote. Akaomba radhi kwa wale wawili waliokwanguliwa.

Walipomaliza, Mwalimu Villarin aliwageukia wote wawili, lakini alianza na Jona.

"Dranreb amekosa, na anajua. Wewe ulishuku mapema, Jona, na ulishuku vizuri kuliko watu wazima wa mtaa huu. Lakini shaka uliyoificha haikumsaidia mtu yeyote. Mtu ukishuku jambo, uliza. Ukipata jibu, liseme, hata kama watu wanacheka. Watu wawili wameumia kwa utani wa mmoja na ukimya wa mwingine."

"Ndiyo, Mwalimu," Jona akasema. Maneno hayo yalimchoma, na alijua ni ya haki.

"Na mtandao?" Dranreb akauliza. "Tuuache, Mwalimu?"

"Kwa nini tuuache? Ndio uliouokoa mkono wa Bibi. Ndani yake wamo wanaojua na wamo wanaochekesha, na sauti zao zinafanana. Kazi yenu ni kuwatenganisha kabla hamjampaka mtu kitu chochote."

Jona akaituma ile video kwenye kikundi cha darasa na kwa kila jirani mwenye simu. Kisha akakaa na orodha ya majirani waliokuwa na Dokta Ben kwenye simu, akaanza kuwapigia mmoja mmoja, akihakikisha wameifuta.