Maksi za Winga wa Chimala

Jumatatu ile ya Septemba mji wa Chimala ulikuwa na amani yake. Upepo ulitulia, pumba za mpunga hazikurushwa machoni mwa watu, malori ya Zambia yalipita barabara kuu bila kupigiana honi, na Faraji alizima mashine yake ya kukoboa mapema, saa kumi kasoro, kwa sababu moja tu: leo ni siku ya maksi.

Kama wewe si mwenyeji, jua hivi. Upenuni mwa mashine ya Faraji pana mabenchi mawili marefu na ubao mweusi. Hapo ndipo linapokaa tawi la mashabiki wa Korongo FC, timu yetu. Kila Jumatatu baada ya mechi, mwenyekiti wa tawi huchukua chaki, huandika majina kumi na moja, na mbele ya kila jina huweka maksi kwa kumi. Watu hubishana, hutukanana kidogo, hucheka, kisha mwenyekiti hukata shauri. Akishaandika, imeandikwa. Wachezaji wenyewe hupita jioni kwa baiskeli wakijifanya wanakwenda dukani, kumbe wanachungulia.

Mwenyekiti alikuwa Silvester Mwanjala, fundi mwashi, mtu wa miaka hamsini na kidogo, aliyeheshimiwa kwa sababu hajui kupendelea. Na winga wa kushoto wa Korongo, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiongelewa kuanzia Igawa mpaka Uyole, alikuwa Anord, mwanawe wa kumzaa.

Siku hiyo kijiwe kilikuwa kinawaka. Mechi tatu, pointi tisa, mabao nane, tumefungwa moja! Lini mara ya mwisho Korongo kuanza ligi namna hiyo? Hata wazee walikuwa hawakumbuki.

"Golikipa Rabson mpe nane," alisema Faraji. "Yule mtoto ana mikono ya kuokota kuku."

"Nane ya nini?" aliruka Mwanakhamisi, mama lishe mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara, mpiga ngoma mkuu wa tawi. "Mpira umempita tobo! Bahati yake uligonga mwamba. Mpe sita, na hiyo sita namwonea huruma."

Vicheko. Silvester akaandika saba. Akashuka, jina kwa jina, mpaka akafika kwa mwanawe. Watu wakasogea mbele, maana hapo ndipo utamu ulipo.

"Anord," alisema Silvester. "Nne."

"Aaaah!" Benchi zima lilisimama.

"Mzee Sili, una roho gani wewe?" Faraji alishika kichwa. "Dogo katoa pasi mbili za mabao! Beki wao mpaka sasa anamtafuta!"

"Dakika ishirini za mwisho hakurudi kukaba. Alikuwa anatembea kama bwana harusi. Nne."

Basi wakampigia makofi. Wote, hata Faraji. "Huyo ndiye mwenyekiti! Hambebi hata mwanawe!" Silvester akapangusa chaki kwenye suruali, uso mkavu, lakini ndani ya kifua chake alijisikia mrefu kuliko paa la mashine.

Hapo simameni kidogo, ndugu zangu. Yatazameni hayo makofi. Mwanzo wa msimu ule Anord alipewa tano, akapewa tano tena, na sasa nne, na kila mara baba yake alipigiwa makofi. Kadiri maksi za mtoto zilivyoshuka, ndivyo jina la baba lilivyopanda. Sisi ndio tuliopiga. Msimtazame Silvester peke yake.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Eveline, akimwaga maji nyuma ya nyumba.

"Baba Anord, nenda kamtazame mwanao mguu."

"Una nini?"

"Tangu mechi ile anaukanda kwa maji ya chumvi, anadhani simwoni. Alipigwa teke kwenye ugoko kipindi cha pili. Ndiyo maana alikuwa anatembea, hakuwa anaringa kama ulivyorudi ukisema."

Silvester aliingia. Anord alikuwa ameketi kitandani, akashusha haraka mguu wa suruali. Lakini baba mtu alikuwa ameshaona. Ugoko ulivimba, ukang'aa kama embe lililoiva.

"Unaumwa?"

Anord alimtazama. Alikuwa ameshapita kwa baiskeli pale ubaoni, akikanyagia mguu mmoja.

"Siumwi, baba. Niko fiti."

Silvester angeweza kupiga magoti akaugusa ule mguu. Mikono yake ilikuwa na hisia ya fundi, ufa wa ukuta huusikia kabla hajauona. Badala yake aliwaza Jumamosi: Iringa, ugenini, dhidi ya Igeleke FC, timu pekee iliyokuwa na pointi tisa kama sisi. Akajiwaza, mwenyekiti mzima, akienda kumwambia kocha ampumzishe mwanawe. Watasema nini kijiweni? Anadeka, na baba yake anamlea!

"Mchezaji hakosi maumivu," alisema, kama alivyozoea kusema kijiweni, akatoka.

"Nimekwambia," alisema Eveline mlangoni. "Usije ukasema hukuambiwa."

Jumamosi mabasi mawili ya Coaster yaliyojaa mashabiki yaliondoka alfajiri, ngoma ya Mwanakhamisi ikilia tangu Igawa. Makambako walishuka kunywa chai kwa kelele, Mafinga wakaimba mpaka wauza viazi wakakimbilia madirishani wakidhani ni harusi. Eveline, ambaye hajawahi kwenda mpirani maisha yake, alikaa kiti cha nyuma na kanga begani. Faraji alimtania, "Shemeji leo umekuja kuona pointi kumi na mbili!" Akajibu, "Nimekuja kumwona mwanangu. Pointi zenu zibebeni wenyewe."

Uwanja ulijaa. Na lazima isemwe kweli, maana uongo haumsaidii mtu: mpira uliochezwa kipindi kile cha kwanza ulikuwa mtamu! Dakika ya kumi na nane Anord aliupokea mpira pembeni, akamwacha beki wa kwanza akishika hewa, akakata ndani, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Kipa aliruka kwa ajili ya picha tu. Wavu ukatikisika! Mwanakhamisi alipasua ngozi ya ngoma yake. Faraji alimkumbatia askari. Watu waliruka mpaka vumbi likapanda juu ya jukwaa, na Silvester, mwenyekiti asiyecheka, alijikuta amesimama juu ya benchi akipiga kelele zisizo na maneno.

Aliposhuka alimwona mkewe. Hakuwa ameruka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, akitazama kule ambako wachezaji wenzake walikuwa wakimrukia Anord. Walipomwachia, kijana aliinuka kwa mguu mmoja.

"Amepiga kwa mguu huo huo," alisema Eveline taratibu. "Umeona?"

Silvester aliona. Tangu hapo hakuona kingine. Kila Anord alipogusa mpira jukwaa lilishangilia, na kila mguu wake wa kushoto ulipogusa chini, bega la kijana liliruka.

Wakati wa mapumziko alishuka mpaka kwenye uzio wa waya karibu na chumba cha wachezaji, daftari lake la maksi mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Anord alikuwa ameketi sakafuni, soksi imekatwa kwa mkasi, mtu anamfunga bendeji juu ya uvimbe uliogeuka rangi ya zambarau. Kijana alikuwa ameuma jezi yake ili asipige kelele. Alipoinua macho alimwona baba yake. Hakumwona usoni kwanza. Aliliona daftari.

Akaitema jezi. "Baba, usiandike kwanza. Kipindi cha pili nitakaba."

Silvester alishika waya.

"Kocha! Kocha Benjamini! Mtoe huyu mtoto!"

Kocha alikuja karibu, mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mzee, unaniambia leo? Mimi nilitaka kumpumzisha Jumatano. Akaja kunilia, akasema baba yangu ameniandikia nne mbele ya mji mzima. Nikimtoa tukafungwa, Jumatatu mtaniandika mimi sifuri, na wiki ijayo niko stendi na begi langu. Ninyi ndio mnapanga timu na chaki zenu. Kama unataka atoke, kawaambie wenzako."

Silvester alipanda jukwaani mbio. "Jamani, Anord ameumia. Anatoka."

"Thubutu!" alipiga kelele Faraji. "Tunaongoza moja bila!"

"Mguu umevimba, Faraji. Nimeuona."

"Apakwe dawa aingie! Mwenyekiti, si wewe unayesema mchezaji hakosi maumivu?"

Ndiyo. Ni yeye. Maneno yake mwenyewe, yalikuwa yameshazunguka mji mzima yakamfikia yakiwa na meno.

Timu zilikuwa zinarudi uwanjani. Anord alikuwa wa mwisho, akichechemea, akijaribu kukimbia kidogo ili aonekane anakimbia. Silvester hakusubiri tena. Alipanda waya, suruali ikachanika, akaangukia upande wa pili, akainuka. Filimbi ya mwamuzi ikalia, walinzi wakaanza kumkimbilia, na jukwaa letu likazomea likidhani ni mlevi wa Iringa, mpaka lilipomtambua.

"Ni mwenyekiti!"

"Mzee Sili, umerogwa?"

Alimfikia mwanawe kwenye mstari wa katikati. "Panda mgongoni."

"Baba, toka. Baba, unaniaibisha. Nicheze tu, nakuomba."

"Panda, Anord."

Kijana alitaka kumzunguka apite. Mguu ukakataa. Ndipo Silvester akageuka, akachuchumaa, akamvuta mikono, akambeba mgongoni, mwanamume mzima wa miaka kumi na tisa na jezi namba kumi na moja, akatembea naye kuelekea nje mbele ya uwanja mzima. Chupa za maji zilianza kuruka. Hazikutoka upande wa Iringa. Zilitoka kwetu. "Msaliti!" "Umetuuza!" Moja ilimpiga sikioni. Hakugeuka. Waliomsaidia kumshusha Anord getini walikuwa Eveline na mlinzi mmoja wa Igeleke.

Korongo ilifungwa mbili kwa moja.

Jioni ile, hospitalini, daktari aliinua picha kwenye mwanga. Ufa ulikuwa umepita kwenye mfupa wa ugoko kama mstari wa penseli.

"Huu ni wa wiki nzima," alisema. "Umeendelea kurefuka kila alipokimbia. Angecheza kipindi cha pili, ungekatika vipande viwili, na hapo sijui kama angetembea vizuri, achilia mbali mpira. Sasa atapona. Plasta, kisha mapumziko, msimu ujao Mungu akipenda atacheza. Lakini huyu mtoto anaishi na nani? Hakuna aliyeuona huu uvimbe?"

Eveline alikunja kanga yake, asimwangalie hata mumewe. Alimwachia nafasi ajibu mwenyewe.

Daktari alipotoka Anord aliuliza, akitazama dari, "Baba, ulijua?"

Silvester angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angembishia.

"Nilijua. Niliuona Jumatatu. Niliogopa watu."

Anord aligeukia ukutani. Kwa siku nyingi baada ya hapo hakuzungumza na baba yake ila salamu.

Jumatatu iliyofuata Silvester alikwenda kijiweni kama kawaida, sikio lina kidonda. Mabenchi yalijaa. Hakuna aliyempisha akae.

"Pointi tatu, mwenyekiti," alisema Faraji. "Tungekuwa tunaongoza ligi peke yetu. Utatwambia nini?"

Kabla hajajibu, mtu mwingine alisema. Alikuwa Didas, kuli anayebeba magunia pale pale kwenye mashine, mtu wa miaka thelathini na sita anayeburuta mguu wa kulia. Wageni wanadhani alizaliwa hivyo. Miaka yote hiyo alikuwa hajafungua mdomo siku ya maksi.

"Mwaka elfu mbili na tisa, mechi ya tano, mlinipa tisa," alisema. "Tisa kwa kumi. Faraji, wewe ndiye uliyesema Didas hachoki. Goti lilikuwa limejaa maji tangu mechi ya tatu na mlijua, maana mlikuwa mnaniita Didas Goti mkicheka. Lilipokatika nililala nyumbani miezi minane. Nani kati yenu alikuja?"

Lori lilipita barabarani, halafu jingine.

"Mimi nauliza tu," alisema Didas. "Kama mzee wangu mimi angeruka waya siku ile, leo nisingekuwa nabeba gunia la Faraji."

Mwanakhamisi alikuwa wa kwanza kusimama. Alijifunga kanga kiunoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo, "Twendeni tukamwone mtoto." Faraji alikaa kidogo akikuna kidevu. Kisha akainuka, akamshika Didas mkono, wakaenda wakiwa wawili nyuma ya wote. Siku hiyo hakuna maksi zilizoandikwa.

FUNZO

Enyi mashabiki wa Korongo, na ninyi wa timu nyingine mnaosoma huku mkitikisa vichwa kana kwamba kwenu si hivyo hivyo! Mpira ni furaha, na furaha hiyo hakuna anayetaka kuwanyima. Shangilieni, pigeni ngoma mpaka zipasuke, bishaneni kuhusu krosi mpaka jua lizame. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa si pikipiki ya kukodi, kwamba ikiharibika tunamrudishia mwenyewe na kupanda nyingine. Msimu mpya ukianza vizuri tunalewa, na tukilewa hatuulizi nani anachechemea. Tumefanya hivyo kwa Didas, na kabla yake wengine, na wote tunawajua kwa majina na mitaa wanakoishi. Tusijifanye tumesahau.

Nanyi wazazi, hasa ninyi wenye vyeo vya kijiweni na kanisani na msikitini: ukimwonea mwanao ili watu wakusifu kwamba huna upendeleo, hiyo si haki. Umemwibia mtoto ili ujinunulie jina. Mtoto anayemwogopa baba yake atakwambia haumwi hata mfupa ukiwa umepasuka. Usisubiri aseme. Piga magoti, pandisha mguu wa suruali, tazama kwa macho yako, na ukishaona, fanya jambo siku hiyo hiyo, hata kama mji mzima utakurushia chupa.