Zamu ya Ayantu

Kila siku Lensa alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, alifunga madirisha yote na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa kibichi. Saa kumi jioni, mtaa wao mjini Jimma, Ethiopia, ulinukia kahawa. Wanawake saba wa mtaa walikunywa kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye zamu hukaanga buni mbele ya wageni, huzitwanga, kisha humimina mizunguko mitatu. Kuondoka kabla ya mzunguko wa tatu ni ufidhuli. Kutokuja kabisa ni ugomvi.

Ayantu, mama yake Lensa, hakuwa amekwenda mwezi mzima. Hakuna aliyemshinda kwa kukaanga buni, lakini tangu aanze tibakemikali ya saratani ya titi, harufu ile ilimtapisha mpaka machozi. Nywele nazo zilikuwa zimekwisha.

"Wakiuliza, sema nimekwenda Agaro kwa mama yako mkubwa," alimwagiza Lensa. "Sitaki mtu anitazame kwa jicho la huruma."

Jumatatu jioni alisema neno lililomtia Lensa baridi. "Alhamisi siendi hospitali."

"Mama! Zimebaki dripu mbili tu!"

"Nimechoka, mwanangu, na si mwili peke yake. Nakaa humu kama mtu aliyekwisha kuzikwa."

Baba yake Lensa, dereva wa lori, alikuwa safarini. Hapakuwa na wa kumwambia.

Kesho yake asubuhi, bombani, Bontu, mtoto wa jirani, alimkejeli mbele ya wenzake. "Vipi, huko Agaro hakuna gari la kurudi? Au kahawa yetu siku hizi ni maji ya kunawia miguu? Bibi yangu anasema mama yako ana maringo."

"Mama yangu hana maringo!"

"Basi ana nini?"

"Ana saratani!"

Ndoo ya Bontu ilifurika, asikumbuke kufunga bomba.

Lensa alikimbia nyumbani. "Mama, nimesema," akakiri huku akihema. Ayantu hakumkaripia. Aligeukia ukutani tu, na hilo lilimuuma Lensa kuliko fimbo.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Lensa alinusa hewa, akashangaa. Siku hiyo hapakuwa na nyumba iliyokaanga buni. Mlangoni alisimama Shashitu, bibi yake Bontu, na nyuma yake wanawake watano, kila mmoja na kikombe kitupu mkononi.

"Ayantu, leo zamu ya nani?"

"Bibi, mimi siwezi..."

"Sikuulizi unachoweza. Nimeuliza zamu ya nani."

"Yangu," akajibu Ayantu.

"Haya, tupo. Tumiminie chochote unachoweza kunywa wewe."

Lensa alichemsha maji ya tangawizi, ambayo angalau mama yake hakuyatapika. Ayantu aliketi, akamimina mwenyewe. Jirani yao Zeyneba akapiga funda moja, akakunja uso.

"Hiki ndicho tulichoachia kahawa? Shoga, pona upesi, utatumaliza!"

Ayantu akacheka. Kicheko kikageuka kilio, naye akayamwaga yote: hofu, kioo alichokigeuza kisimtazame, Alhamisi asiyoitaka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Alhamisi nakwenda naye mimi," akasema Zeyneba.

"Umeanza lini kuwatangulia wakubwa?" Shashitu akamkata. "Zamu ya dripu inaanza kwangu!"

Wakabishana mpaka mzunguko wa tatu.

Alhamisi Lensa aliomba ruhusa shuleni. Ayantu alitoka kichwa wazi, bila kitambaa, shingo imesimama, akapita katikati ya mtaa wake. Wanawake wote sita walimfuata. Lensa alitembea kando yake, akijiona mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

"Msindikizaji ni nani?" muuguzi Tirunesh aliuliza hospitalini.

"Sita," akajibu Ayantu.

"Anaruhusiwa mmoja tu, dada, mbali na mtoto."

"Andika Shashitu," bibi akadakia. "Hawa wengine ni mizigo yangu."

Walipokuwa wakimwandalia Ayantu kiti, Lensa alimnong'oneza muuguzi yote, tangu uongo wa Agaro hadi kilio cha juzi, na kwamba yeye ndiye aliyeitoa siri bombani.

"Habari za ugonjwa ni mali ya mgonjwa," alisema Tirunesh. "Ungemsihi mama kwanza, si kuropoka bombani. Hilo likumbuke."

"Kosa ni langu," Ayantu akaingilia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusema uongo. Nilidhani ushujaa ni kuumia kimya."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Dripu hii inapigana na uvimbe. Haifiki kwenye huzuni. Huzuni nayo ni maumivu, na maumivu husemwa: kwa daktari, kwa jirani, kwa mwanao. Uongo wa Agaro uliwafungia nje watu wenye mikono ya kukubeba. Ukweli wa mtoto umewafungulia. Shujaa, Lensa, si yule asiyelia. Ni huyu aliyelia juzi, na leo amekuja."

Ayantu akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akaunyoosha mkono wake.

"Haya," akasema. "Tuanze."