Chaki Kwenye Kioo cha Datsun

Kila siku nilipotoka shule nilivua sare, nikala kilichokuwepo, kisha nikaenda uani kwa mzee Selestini. Kazi zangu zilijulikana: kuosha nati kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, kushika tochi anapoingia chini ya gari, na kutafsiri. Kutafsiri ndiko kulikonipa kiburi kuliko kazi nyingine zote. Mzee alichanganya Kiswahili na Kirundi katika sentensi moja, na wateja wengi wa pale Gungu walioletwa Kigoma na kazi za serikali waliambulia patupu. Sisi Waha tunasikilizana na Warundi, basi kila alipofungua kinywa, wateja walinigeukia mimi, msichana wa darasa la sita.

"Asnath, fundi anasemaje?"

Wakanipa jina la Mkalimani. Nami nikavimba kichwa, nikasahau kwamba kuna maneno mengi ya Kirundi ambayo hata mimi nilikuwa nayabahatisha.

Mwaka huo ulikuwa 1997. Mji ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya ziwa, na malori ya misaada yalipita mchana kutwa. Mzee Selestini aliandikishwa kambini, upande wa Kasulu, lakini alikuwa na kibali cha kukaa mjini kwa sababu ya ufundi wake. Mama alimpa chumba cha uani, naye akawa anaitunza Datsun aliyotuachia marehemu baba. Kaka yangu Edson aliiendesha teksi. Gari hilo na mikono ya Edson ndivyo vilivyotulisha na kunilipia ada.

Ila Edson alikuwa na ugonjwa mmoja, nao uliitwa ligi. Kila Jumapili jioni vijana wenye magari walikutana kwenye kipande cha lami kilichonyooka, upande wa Rusimbi. Magari mawili yalisimama sambamba, mtu akaangusha leso, na yakachomoka hadi kwenye nguzo fulani ya umeme. Mshindi alipewa makofi tu. Kwa makofi hayo watu wazima walikuwa tayari kuvunjika shingo.

Edson alikuwa ameshindwa Jumapili tatu mfululizo na Nikodemu, kijana mwenye pikapu nyekundu. Datsun ilipoanza kuondoka, matairi ya nyuma yalirukaruka juu ya lami badala ya kuikamata, na watazamaji wakapiga kelele, "Chura! Chura!"

"Mzee, nisaidie," Edson alimwambia Selestini Jumatano moja. "Nimechoka kuitwa chura."

Mzee alikuna kidevu. Mbio zile hakuzipenda, lakini gari bovu lilimkera zaidi. "Sawa. Tutabadilisha springi na shokomzoba za nyuma. Asnath, twende."

Tulikwenda Mwanga, kwenye kibanda cha Pastory, muuza vipuri. Pastory alitutolea shokomzoba mbili nyeusi zinazong'aa. Mzee akanipa moja. Nikaisimamisha chini kama alivyonifundisha, nikaikandamiza kwa uzito wangu wote. Ilizama bila ubishi na kubaki hukohuko, na mafuta yakanipaka vidole.

"Imekufa," nikasema. "Imepakwa rangi tu."

Pastory akacheka kwa aibu. Nikachagua mbili nyingine, zenye vumbi na mikwaruzo, lakini kavu. Nilipozikandamiza zilibisha, kisha zikarudi juu polepole. Springi nazo mzee alichagua zenye chuma kimoja cha ziada, ili gari likichomoka zisijikunje.

"Na za mbele?" nikauliza.

"Za mbele tuache laini. Gari ikichomoka, pua inyanyuke, uzito urudi nyuma. Tairi za nyuma ndizo zinasukuma, mwana wanje. Tunazitafutia uzito."

Kwa kuitwa mwana wanje, mwanangu kwa Kirundi, nilirudi nyumbani natembea kama injinia. Shokomzoba zile nilizichagua mimi, na nilitaka Rusimbi nzima ione zinavyofanya kazi.

Mzee alifunga vipuri vile Ijumaa hadi jioni. Kazi ilibakiza yubolti, vile vyuma vinne vilivyopindwa kama mpini wa ndoo, ambavyo huishika ekseli ya nyuma isibanduke kwenye springi. Yubolti hukazwa mwishoni, gari likiwa limeshateremshwa kwenye jeki na kusimama kwa uzito wake. Mzee aliviingiza, akavizungusha nati kwa vidole, akateremsha gari. Kesho yake, alfajiri, kabla hajashika spana, lori la kambini likapiga honi barabarani. Wakimbizi wote walitakiwa kuhesabiwa upya, na asiyekuwepo angefutiwa kadi ya chakula. Mzee alikurupuka, akaacha ujumbe wa chaki kwenye gari na kuondoka, sisi tukiwa bado tumelala.

Hayo yote niliyajua baadaye. Tulichokikuta sisi ni Datsun imesimama uani, magurudumu yote yamefungwa, na kwenye kioo cha nyuma maneno mawili ya chaki: YUBOLTI EJO.

Jumamosi kutwa Edson alimngoja mzee; Jumapili, saa nane mchana, aliniita. Alikuwa amevaa shati lake jeupe.

"Mkalimani, hii ejo ndiyo nini?"

Nilijua. Kwa Kirundi ejo ni jana, na ejo hiyohiyo ni kesho. Ukimsikia mtu akisema, maneno mengine ya sentensi yatakuonyesha anakusudia ipi. Pale kwenye kioo hapakuwa na maneno mengine. Huenda mzee alisema amekaza jana. Huenda alisema atakaza kesho. Mimi sikuwa na njia ya kujua.

Edson alikuwa ameshika ufunguo, ananitazama. Ningemwambia, "Sijui, kaka," asingekwenda. Shokomzoba zangu zisingeonekana. Na mimi, Mkalimani, ningekuwa nimeshindwa neno moja la herufi tatu.

"Ni jana," nikasema. "Alimaliza kuzikaza Ijumaa, kabla hajaondoka."

Edson akafuta chaki kwa kiganja, akaondoka. Mama alinikataza kumfuata, akaenda kwenye mkutano wa kina mama kanisani. Nikabaki nafua sare, nikisugua kola ileile mara tatu.

Saa tisa na nusu lori la kambini lilisimama barabarani. Mzee Selestini akateremka, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana wanje." Akatazama uani, akasimama. "Gari iko wapi?"

"Edson amekwenda nayo Rusimbi."

Mfuko ukamdondoka. "Kwenda? Nani alimpa ruhusa? Sikukaza yubolti! Niliandika ejo! Kesho, nikirudi!"

Nikaitupa sare kwenye beseni. Mzee alikuwa akiendelea kusema, kwamba Edson akichomoka mara mbili tatu ekseli itahama, kwamba gari litageuka lenyewe katikati ya mwendo, pale penye watu. Sikungoja amalize. Nilijua goti lake bovu lisingemfikisha popote.

"Nakuja na spana!" alipaza sauti nyuma yangu. "Kimbia!"

Nikakimbia. Kandambili moja ilikatika kabla sijafika njia kubwa, nikaitupa na mwenzake. Nilimwona mtu wa baiskeli, nikamwomba anipakie. Akanitazama nilivyolowa povu la sabuni, akapita. Nikakimbia tena. Kichomi kilinishika ubavuni. Nililia huku nakimbia, na kulia kukaninyima pumzi, nikajilazimisha kuacha. Akilini nilimwona Edson amelala barabarani na shati lake jeupe. Nilifumba macho, nikamwona vilevile. Baba tulikwisha kumzika. Nilisema kwa sauti, "Mungu, asianze. Mungu, asianze," nikiwapita watu waliotoka sokoni wakidhani nimerukwa na akili.

Nilipofika Rusimbi nilisikia makofi. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za lami, watoto wadogo wakiwa mbele kabisa.

"Raundi ya kwanza Edson kashinda!" kijana mmoja aliniambia, anaruka kwa furaha. "Leo Datsun siyo chura! Wanakwenda raundi ya pili sasa hivi!"

Alikuwa mzima. Na alikuwa anaanza tena.

Nikapenya katikati ya watu. Magari yalikuwa yamesimama sambamba, injini zinanguruma, na Dismasi, mwenye leso, amenyanyua mkono. Nikaitazama Datsun kwa nyuma. Gurudumu la kushoto lilikuwa limerudi nyuma, karibu liguse bati. La kulia lilikuwa mahali pake. Ekseli ilikuwa imeshaanza kuhama.

Nikamrukia Dismasi, nikaning'inia kwenye mkono wake. "Usiangushe! Gari halijakazwa!"

"Dogo, toka hapa! Unataka kugongwa?"

"Springi hazijafungwa!"

"Katumwa na mama yake huyo!" mtu akasema, na watu wakacheka. Wengine wakaanza kuzomea. Dismasi akanisukuma pembeni. Nikakimbilia dirishani kwa Edson.

"Kaka, zima gari!"

"Asna, acha zako! Hukuiona raundi ya kwanza? Inavuta kushoto kidogo tu, lakini inachomoka balaa!"

"Yubolti hazijakazwa!"

"Si uliniambia mwenyewe zimeshakazwa?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Wengi wao walikuwa wateja wa mzee, walioniita Mkalimani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu nikaona mkono wa Edson unakwenda kwenye gia.

"Nilikuongopea!" nikapiga kelele hadi sauti ikakwama. "Ejo ni jana na ni kesho pia! Nilijua! Sikujua mzee alikusudia ipi, nikakuambia ile uliyoitaka! Mzee amerudi, anasema hakukaza! Kaka, nilikuongopea!"

Kelele zikafifia. Edson akaondoa mkono kwenye gia. Kisha akazima injini.

Nikodemu ndiye aliyeshuka kwanza. Aliingia chini ya Datsun ya mpinzani wake, chali, na nguo zake za Jumapili. Tuliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa na nati mkononi, na uso umempauka.

"Imetoka kwa vidole," alisema. "Sikutumia spana. Vidole tu."

Akawaangalia wale watoto waliojipanga kando ya lami, akamnyang'anya Dismasi leso, akaitupa mtaroni. Hakuna aliyezomea tena.

Mzee Selestini alifika akiwa amepakiwa kwenye baiskeli, amekumbatia spana kubwa kama mtoto. Vijana waliinua gari kwa jeki, akairudisha ekseli mahali pake, wakaliteremsha, akakaza nati moja baada ya nyingine hadi mishipa ikamtoka shingoni. Edson alimpokea spana, naye akakaza. Watu walikuwa wametawanyika. Mimi nilikaa ukingoni mwa barabara, miguu inatoka damu, nangoja kuchapwa.

Edson alikuja, akachuchumaa mbele yangu. "Uliniudhi," alisema. "Lakini nami nilimwuliza mtoto jambo lililonipasa kulala chini na kuliangalia mwenyewe. Nilitaka kuondoka, basi."

Mzee naye alikaa kando yangu, akanyoosha goti lake bovu.

"Hata mimi nimekosa," alisema. "Chaki yangu ilisema mawili. Lakini nisikilize, Asnath. Siku tunakimbia, tulikuwa watu kumi na wanane. Tulifika njia panda, tukamkuta kijana mmoja. Tukamwuliza, njia hii ya ziwani ni salama? Siku hiyo yeye hakuwa amefika huko. Lakini watu wazima kumi na wanane walikuwa wanamtazama, wanangoja jibu. Akaona aibu kusema sijui. Akasema, ni salama."

Akalisugua goti. Nilisikia Edson akiacha kufuta mikono.

"Ziwani tulifika sita. Mke wangu hakufika."

"Yule kijana alikuwa mbaya?" niliuliza.

"Oya, hapana. Alikuwa mtoto wa watu, kama wewe. Mtu akikuuliza jambo, amekupa maisha yake uyashike. Kama unajua, sema. Kama hujui, sema hujui, hata wakucheke. Utachekwa siku moja. Siku mbili. Inaisha." Akaweka kiganja chake chenye grisi kichwani kwangu. "Yule, hata kama alijuta, hakuwa na njia ya kutufikia tena. Wewe ulikimbia, ukamkuta kaka yako yuko hai."

Nililia hapo kwa mara ya kwanza bila kujizuia. Edson akanisaidia kusimama, akanifungulia mlango wa mbele, na tukarudi Gungu polepole, tukamweleze mama yote.